Chovya Chovya Humaliza Buyu la Asali

Wahenga wetu walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Neno hilo halikusemwa kwa ajili ya mlafi peke yake, anywaye buyu zima kwa siku moja. Lilisemwa hasa kwa ajili ya mtu achovyaye kidole asubuhi na kidole jioni, akijiambia moyoni kwamba kidole kimoja si kitu. Siku moja kidole chake chagusa ukuta mkavu wa buyu, naye astaajabu na kuuliza: Ni nani aliyekula asali yangu?

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za buyu moja ambalo dunia nzima imekuwa ikilichovya kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini. Buyu hilo ni mafuta yachimbwayo ardhini, yatupayo petroli, dizeli, na mafuta ya taa. Twataka kueleza yalivyo, yanavyopungua, na zaidi ya yote, uhaba wake uwaangukiavyo watu. Maana si wote waangukiwao kwa kipimo kimoja, na katika jambo hilo ndipo dhamiri ya Mkristo inapoitwa.

MAFUTA NDANI YA NYUMBA ZETU

Yupo atakayesema: "Mimi sina gari wala pikipiki. Habari za mafuta ni za wenye mali." Ndugu yetu, ngoja kwanza, tutembee pamoja ndani ya nyumba yako. Ndoo ya plastiki ya kutekea maji, kandambili zilizo mlangoni, kamba ya nailoni iliyomfunga mbuzi, hata mshumaa ule mweupe ununuliwao dukani: vyote hivyo asili yake ni mafuta ya ardhini. Unga ulio chunguni labda ulisagwa kwa mashine ya dizeli. Chumvi, sabuni na kiberiti vililetwa na lori. Dagaa wa ziwani kwa miaka mingi walivuliwa usiku kwa mwanga wa karabai za mafuta ya taa. Na ijapokuwa wavuvi wengi siku hizi hutumia taa za betri, bado dagaa hao hupanda lori wafike sokoni. Mama mja mzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, hupakiwa juu ya pikipiki apelekwe zahanati. Na lami ya barabara kuu, hiyo nayo ni masimbi yabakiayo mafuta yakisha kusafishwa.

Basi, asiye na gari naye yumo garini. Tofauti ni kwamba hakushika usukani.

ASILI YAKE NA KIASI CHAKE

Mafuta haya si kama maji ya kisima, yajazwayo tena na mvua ya masika. Yalitokana na viumbe vidogo sana vya baharini, vilivyokufa vikazama, vikafunikwa na matope na mawe kwa muda wa mamilioni ya miaka, vikapikwa na joto la ardhi hata vikageuka mafuta. Kazi hiyo Mungu aliiweka katika maumbile kabla hajakuwapo mtu wa kuitazama. Lita moja tunayoiteketeza kwa safari fupi, haitarudi tena katika siku za wajukuu wa wajukuu wetu.

Tarehe 27 Agosti 1859, huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kisima alichokuwa akichimba Edwin Drake kilifikia mafuta kwa kina cha mita 21 tu. Leo wachimbaji hushuka maelfu ya mita, tena chini ya bahari yenye kina kirefu. Dunia hutumia mapipa yapatayo milioni 100 kila siku, na pipa moja ni lita 159. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe: ni zaidi ya lita bilioni 15 kati ya jua kuchomoza na jua kuchomoza tena.

Nani basi atasema kwamba kidole kimoja si kitu?

JE, MAFUTA YANAKWISHA?

Swali hili yafaa lijibiwe kwa ukweli, bila kutia watu hofu na bila kuwalaza usingizi.

Kila kisima kina ujana wake na uzee wake. Tutoe mfano wa Mexico. Mvuvi mmoja, Rudesindo Cantarell, aliona mafuta yakielea juu ya maji ya bahari alikokuwa akivua, akawapasha habari wenye kazi ya mafuta. Mwaka 1976 ikagunduliwa hapo akiba kubwa kupita kiasi, nayo ikaitwa kwa jina la mvuvi huyo. Mwaka 2004 ilitoa zaidi ya mapipa milioni mbili kwa siku. Haikupita miaka kumi, ikawa haitoi hata robo ya kiasi hicho. Visima vya Uingereza katika Bahari ya Kaskazini navyo vilifika kileleni mwaka 1999, kisha vikaanza kushuka.

Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, jina lake M. King Hubbert, aliwaambia wenzake kwamba uchimbaji wa nchi yao ungefika kilele karibu na mwaka 1970 kisha ushuke. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1970 ulipofika, ikawa kama alivyosema. Lakini hadithi haikuishia hapo. Baadaye Wamarekani walijifunza njia ya kupasua miamba migumu kwa nguvu ya maji, na ilipofika mwaka 2018 walikuwa wamekwisha kupita kilele kile cha zamani.

Basi wapo wasemao: "Mmeona? Akili ya mtu haishindwi. Mafuta hayatakwisha kamwe." Hapo twawajibu kwa upole: visima vya namna hiyo hupungua kwa kasi kubwa katika mwaka wa kwanza tu, hata hapana budi kuchimba vingine na vingine ili kubaki pale pale. Asali ya juu ya buyu yachotwa kwa kidole. Asali ya chini yahitaji kijiti. Iliyogandamana pembeni yahitaji kukwanguliwa. Asali bado ipo, naam, lakini kila mchoto ni mgumu na ghali kuliko uliotangulia.

Hili ndilo somo tunalotaka lishikwe. Mafuta hayatakwisha siku moja kama taa izimwavyo. Kabla hayajakwisha yatakuwa ghali, yatashuka kidogo na kupanda tena, yatakosekana hapa na kuonekana pale. Na kila yanapokuwa ghali, hukwisha kwanza katika nyumba ya maskini. Tajiri wa mjini hatajua kwamba buyu limepungua, wakati mjane wa kijijini amekwisha kugusa ukuta mkavu.

MIAKA ILIYOTUFUNDISHA

Hatusemi haya kwa kubuni. Mwezi Oktoba 1973, kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao na kuwanyima baadhi ya mataifa. Pipa lililouzwa kwa dola kama 3 likafikia karibu dola 12 mwezi Januari 1974. Huko Uholanzi magari yalikatazwa kutembea siku za Jumapili, watu wakaendesha baiskeli katika barabara kuu. Kwao ilikuwa taabu, lakini taabu ya kupita.

Kwetu Tanzania haikuwa hivyo. Nchi yetu haina kisima cha mafuta. Huyanunua yote ng'ambo kwa fedha za kigeni, yaani kwa jasho la mkulima wa pamba, kahawa na katani. Katika miaka ile ile ya 1973 na 1974 mvua zilikosekana, tukalazimika kununua na nafaka pia. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Irani, bei ikapanda mara ya pili, nasi tulikuwa katika gharama za vita vya Uganda. Wazee wetu wakumbuka yaliyofuata: foleni za sabuni na sukari, malori yaliyosimama kwa kukosa dizeli, na amri ya kuzuia magari ya watu binafsi Jumapili alasiri. Si kweli kwamba mafuta pekee ndiyo yaliyoleta shida zote hizo. Lakini yalikuwa mzigo juu ya mgongo ambao tayari ulikuwa umeinama.

Mwaka 2022 tukafundishwa tena. Mwezi Februari Urusi iliivamia Ukraine, na ilipofika Mei lita moja ya petroli katika Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000. Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya mwezi Juni. Mbolea nayo ilipanda sana, kwa kuwa mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia mahindi hutengenezwa kwa gesi ya ardhini. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na siku hizi fahali waweza kuwa mbali kilomita maelfu, nyasi zikaumia vile vile.

Tuchukue mfano mdogo. Nauli ya kwenda gulioni na kurudi imeongezeka kwa shilingi elfu moja. Mwenye mshahara hatalala njaa kwa hiyo. Lakini mama auzaye nyanya, ambaye faida yake ya siku nzima ni elfu mbili, amenyang'anywa nusu ya riziki. Wala hakuna mwivi aliyemwona. Ataacha kununua mafuta ya kula, au daftari la mtoto, au dawa. Hivyo ndivyo bei ya pipa la mbali inavyoingia katika chungu cha jirani.

DHAMBI ZIFUATAZO UHABA

Sasa twafika mahali pazito. Kupungua kwa mafuta ni jambo la maumbile, wala si dhambi. Lakini uhaba ukija hufuatana na dhambi zake, nazo hatuwezi kuzisingizia ardhi wala Waarabu wala Warusi.

Ya kwanza ni kuficha. Bei za mafuta katika nchi yetu hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Desturi hii ni njema, kwa maana yamlinda mnunuzi. Lakini wapo wafanyabiashara ambao, wakisikia kwamba bei itapanda, hufunga pampu siku mbili kabla na kusema, "Mafuta hakuna." Jumatano jioni mafuta yaonekana, wala hakuna gari lililoyaleta. Mwaka 2023 EWURA ilifungia vituo kadhaa kwa kosa la namna hiyo. Wasomaji wetu, katika siku hizo mbili, je, hakuna mgonjwa aliyekosa usafiri? Nabii Amosi aliwakaripia watu walioingoja Sabato ipite upesi ili wafungue ghala zao, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Hao walikuwa na ngano, hawa wana petroli. Moyo ni ule ule.

Ya pili ni kuchanganya, ambako watu wetu wamekupa jina la uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, kwa sababu ni mafuta ya maskini, wenye tamaa waliyatia ndani ya dizeli wakayauza kwa bei ya dizeli. Mashine zikaharibika. Mwaka 2011 Serikali yetu, ili kuukata uovu huo, iliipandisha sana kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo ilifanya vivyo hivyo mwaka 2018, ikaongeza shilingi 18 za kwao kwa kila lita. Tazameni jinsi dhambi inavyosafiri! Aliyechanganya alikuwa mwenye tangi mjini. Aliyelipa ni bibi mwenye kibatari na mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa mwanga wake. Hatuilaumu Serikali kwa kutaka kuziba ufa. Twasema tu kwamba mwizi mmoja wa mjini aweza kuzima taa za vijiji elfu.

Kanisa lafundisha kwamba vitu vya dunia Mungu aliviumba kwa ajili ya watu wote, na kwamba haki ya kumiliki mali haifuti haki ya mwenye shida kuishi. Amri ya saba haimhusu mvunja mlango peke yake. Yamhusu pia apunguzaye kipimo, afichaye bidhaa ili uchungu wa wengine uwe faida yake, na apandishaye nauli mara mbili kwa kisingizio cha bei iliyopanda kidogo. Tena, atakaye msamaha kwa kosa la namna hii hana budi kurudisha alichochukua. Kutoa sadaka kubwa Jumapili hakufuti deni la Jumatatu.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Yosefu huko Misri. Miaka saba ya shibe ilipokuja, hakuwaambia Wamisri kwamba shibe ni mbaya, wala hakuwatisha. Alitenga sehemu ya tano ya mavuno, akaiweka ghalani. Njaa ilipofika, ghala zilifunguliwa. Yosefu aweka akiba wakati wa wingi ili afungue wakati wa uhaba. Mlanguzi afunga wakati wa uhaba. Wote wawili wana ghala, lakini mmoja aokoa watu na mwingine awanyonya.

Sisi sasa tumo katika miaka gani? Twaamini tumo karibu na mwisho wa miaka ya shibe. Basi, yafaa kila mtu ajiulize mahali pake.

Wewe mwenye gari, si kila safari ni ya lazima, wala si lazima kila kiti kiwe kitupu isipokuwa chako. Jirani yako aendaye kazini kwa njia ile ile, mchukue.

Wewe mwenye biashara, uza ulicho nacho kwa bei iliyo halali leo. Faida ya haki si dhambi. Lakini faida ipatikanayo kwa kuwakosesha watu ni mkate wenye mchanga.

Wewe mwenye jiko, usikimbilie msitu. Kila mara gesi na mafuta ya taa vipandapo, mkaa huuzwa zaidi, na miti hukatwa zaidi. Huko ni kuliacha buyu moja na kulivunja jingine. Jiko la kutumia mkaa mchache, na miti ipandwayo kila masika, ni akiba ya kweli.

Nasi wa Kanisa tusijitoe katika hesabu hii. Je, katika sherehe zetu hatukuona msururu wa magari, kila moja na mtu mmoja au wawili? Je, jenereta haikuunguruma mchana kutwa kwa ajili ya vipaza sauti, kwa watu ambao wangesikia vizuri bila hivyo? Parokia ziwezazo kuweka umeme wa jua na ziweke, na wahujaji wapande basi moja. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba ni lazima nishati hizi za kuchimbwa ziachwe hatua kwa hatua na bila kuchelewa. Alitukumbusha pia kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini yafaa visikiwe pamoja.

Kwa upande wa nchi, twaona ishara njema. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hata Morogoro na Dodoma, na mto Rufiji umefanywa kuzalisha umeme mwingi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imetusaidia sana. Lakini tusisahau kwamba gesi nayo ni buyu. Wenzetu wa Uganda waligundua mafuta karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyafikisha Tanga. Twawatakia heri. Swali la kuwauliza viongozi wa nchi zote mbili si mapipa mangapi yatatoka. Ni hili: fedha yake itajenga nini kitakachobaki, mapipa yatakapokuwa yamekwisha?

TAA NA MAFUTA

Wote twaujua mfano wa wanawali kumi. Watano walichukua akiba ya mafuta, watano hawakuchukua. Tumewahi kusikia watu wakijitetea kwa mfano huo: "Wale wenye busara nao hawakuwagawia wenzao. Basi, kuficha si vibaya." Ndugu, someni tena. Wale wanawali hawakuwa wamenunua duka zima. Kila mmoja alichukua ya kuitosha taa yake kwa usiku mmoja, nao waliwaelekeza wenzao kwa wauzaji. Tena walimu wa Kanisa wengi wamefundisha kwamba mafuta yale ni matendo mema, ambayo mtu hawezi kumwazima mwingine siku ya mwisho.

Na ikiwa ndivyo, basi twaweza kupungukiwa mafuta ya pampu, tukatembea kwa miguu, wala tusiwe tumepotea. Mafuta ya ardhini yatapungua, tukitaka au tusitake; buyu hilo halikuumbwa liwe bila mwisho. Kubaya zaidi ni bwana arusi kuja usiku ule wa giza, akatukuta tumekalia madebe yaliyojaa, na taa ya jirani imezimika.